Ile stesheni ya Japani "ya mwanafunzi mmoja"

Jamani ile meseji ya stesheni ya Kami-Shirataki kule Hokkaido inazunguka tena kwenye magrupu, eti Wajapani waliiacha wazi miaka yote kwa ajili ya binti mmoja tu mpaka amalize shule. Inagusa moyo kweli, ila haikuwa hivyo.

Stesheni ilifunguliwa 1932, ikafungwa Machi 2016 pamoja na jirani zake Kyu-Shirataki na Shimo-Shirataki, sababu abiria walikuwa karibu wameisha, vijana wamehama vijijini. Na binti mwenyewe alikuwa anapandia Kyu-Shirataki, sio hiyo inayotajwa, tena treni ilikuwa ile ya kawaida ya njia ya Sekihoku, inabeba na wengine.

Kinachochanganya watu ni Machi. Japani ratiba za treni kwa kawaida hubadilishwa Machi na mwaka wa shule nao unaisha mwezi huohuo, basi ikaonekana kama walimsubiri yeye. Tafuta orodha ya stesheni zilizofungwa siku ile utaziona zote pamoja.

Kwa hiyo ikikufikia tena naomba usiifowadi, mwambie aliyekutumia, taratibu tu, maana wengi wanaituma kwa nia njema.