Dhahabu ya Waparthi: ya kuvaa, si ya sarafu

Ukisoma Matendo ya Mitume, sura ya 2, Waparthi ndio wanaotajwa kwanza katika orodha ya wageni wa Pentekoste. Dola yao ilianzia Iran ya leo katika karne ya 3 KK, ikaitwaa Iraki ya leo katika karne ya 2 KK, na ikadumu hadi mwaka 224 BK. Wafalme wake walipiga sarafu za fedha na shaba; dhahabu ilikwenda masikioni, shingoni na vidoleni.

Chukua hereni moja uiweke chini ya lenzi. Kandokando ya kito chekundu cha ganeti, au feruzi, utaona vipunje vya dhahabu kama mbegu za mchicha, vimepangwa kwa pembetatu. Kuvipata si kazi: vipande vya waya wa dhahabu huchomwa ndani ya unga wa mkaa, na kila kipande kikiyeyuka hujiviringisha chenyewe. Shughuli ni kuvibandika. Masonara wa kale walichanganya gundi na unga wa madini ya shaba. Moto ukipanda, gundi huungua, shaba hujitenga na kuingia kwenye dhahabu pale tu kipunje kinapogusa bamba, na hapo huyeyuka kabla ya kwingine. Moto ukizidi kidogo, urembo wote unakuwa bonge. Binafsi, sijaona ufundi unaodai subira zaidi ya huu.

Lakini mtindo peke yake hautoshi kusema "hiki ni cha Waparthi", kwa kuwa masonara wa Syria na wa dola ya Roma walifanya kazi za kufanana. Ushahidi ni mahali kilipotoka. Huko Seleucia, mji wa kale kando ya mto Tigris nchini Iraki, Chuo Kikuu cha Michigan kilianza kuchimba mwaka 1927, kikakuta vito vilivyofichwa. Sababu za kuficha zilikuwepo: mji uliasi ukasalimu amri mwaka 42, kisha jeshi la Trajan, kaisari wa Roma, likauchoma mwaka 116.

Hereni iliyofukuliwa na wezi haina habari hizo, hata ikiwa halisi. Umoja wa Mataifa ulipiga marufuku biashara ya mali za kale zilizoibwa Iraki kwa azimio 1483 la mwaka 2003, na za Syria kwa azimio 2199 la mwaka 2015. Kwa hiyo ukiona "hereni ya Kiparthi" inauzwa mtandaoni, kabla ya bei uliza hati: ilichimbwa wapi, na ilitoka nchini lini.