Ripoti Isiyofika si Sifuri

Kila baada ya mafuriko naletewa grafu ileile. Kazi yangu ni kufuatilia takwimu za afya hapa Kisumu, na juzi tena msimamizi wa kituo kimoja upande wa Nyando alinionyesha mstari wa malaria ulioshuka mwezi wa mvua kubwa. "Unaona, madam, safari hii tulijipanga."

Hapana. Kilichoshuka ni idadi ya ripoti.

Dhana: Wagonjwa wakipungua kwenye grafu wakati wa mafuriko, huduma zimestahimili

Chukua zahanati 20, kila moja ikiona wagonjwa 50 wa malaria kwa mwezi. Jumla ni 1,000. Sasa maji yazingire sita, fomu zao za 705, zile za ripoti ya wagonjwa ya kila mwezi, zisifike, na zile 14 zilizobaki zipokee wagonjwa 60 kila moja. Jumla inakuwa 840. Kila palipohesabiwa, malaria imepanda kwa asilimia 20, lakini grafu inasema imeshuka kwa asilimia 16. Na hizo sita zilizonyamaza ndizo zilizo ndani ya maji!

Mwaka 2024 nilifika zahanati moja baada ya maji kuondoka. Nesi alikuwa ameanika rejista kwenye benchi, akifunua ukurasa mmoja mmoja kwa kijiti ili zisigandane. Majina yaliyoandikwa kwa wino yalikuwa yameyeyuka. Wiki mbili alizotibia watu chini ya mwembe, kwenye shule walikohamia, alikuwa ameandika katika daftari la hesabu la mtoto wake. Wagonjwa wa daftari lile hawakuwa wameingizwa popote. Kwenye mfumo wa takwimu za afya palikuwa na nafasi tupu, na aliyechora grafu aliisoma kama sifuri. Kazi yote ya mama yule ikahesabiwa kuwa hakuna mgonjwa.

Tena malaria haiji siku moja na maji. Mafuriko makali kwanza husomba viluwiluwi vya mbu. Madimbwi yanayobaki ndiyo huzalisha mbu, na wagonjwa hufurika mwezi mmoja au miwili baadaye. Anayeshangilia Mei hukutwa Julai hana dawa mseto za malaria.

Kwa hiyo nawasihi wasimamizi wa vituo, na nitaendelea kuwasihi: msinionyeshe idadi ya wagonjwa bila kuweka kando yake ripoti zilizotarajiwa na zilizofika. Kama hamkupata mgonjwa, andikeni 0. Rejista ikae rafu ya juu kabisa, ndani ya mfuko usioingiza maji. Na andikeni tarehe zahanati ilipofungwa na ilipofunguliwa. Idadi ya siku hizo, ikilinganishwa mafuriko kwa mafuriko, ndiyo inayonionyesha kama tunapiga hatua.

Dhana: Tumefunga sola na kufanya semina, tumemaliza

Mmenionyesha risiti; risiti haisemi kama huduma ilistahimili. Stima ilipokatika siku tatu, friji ya chanjo ilibaki kati ya nyuzi 2 na 8, joto linalotunza chanjo? Chati ya joto imebandikwa kwenye mlango wa friji. Isomeni.

Dhana: Malaria ni ya watu wa ziwani

Waulizeni wazee wa Kericho na Kisii kuhusu milipuko ya miaka ya 1990. Kimelea cha malaria kiitwacho falciparum hakikomai ndani ya mbu joto likiwa chini ya nyuzi 18 hivi. Milima ikipata joto kidogo tu, kizuizi hicho kinalegea, na watu wa huko hawana kinga waliyoijenga wenzao wa nyanda za Kano, huku karibu na ziwa. Huko juu, linganisheni kila wiki na wiki kama hiyo katika kila mwaka wa miaka mitano iliyopita. Mkingoja jumla ya mwezi, mtachelewa.

Dhana: Mvua ni kazi ya Idara ya Hali ya Hewa

Utabiri wa mvua za Machi hadi Mei hutolewa kabla hazijaanza. Mara ngapi umemfikia anayeagiza dawa? Vipimo vya haraka vya malaria vikiagizwa baada ya barabara kukatika, mtabiri hana kosa. Agizo hilo liwe mezani Februari.