Fildi ya uhasibu: wanayodhani wanafunzi na yanayowakuta ofisini

Mwezi Julai vyuo vikishafungwa, wanafunzi wa uhasibu wa Chuo cha Usimamizi wa Fedha (IFM), Mzumbe, Chuo cha Uhasibu Arusha na vinginevyo husambaa katika halmashauri, hospitali, benki na kampuni binafsi, kila mmoja na barua yake ya utambulisho na daftari la kumbukumbu za kila siku, kwa ajili ya mafunzo kwa vitendo ambayo sote huyaita fildi. Niliyapitia nikiwa mwanafunzi, na sasa ni miongoni mwa wanaowapokea wanafunzi hao katika kitengo cha uhasibu. Wengi huja na mawazo waliyorithi kwa waliowatangulia, na naamini mawazo hayo huwanyima mengi zaidi ya wanayonyimwa na uchache wa wiki walizopangiwa.

Dhana: Fildi ni kwenda kurudia kwa vitendo yaliyofundishwa darasani.

Ukweli: Darasani swali huja na tarakimu zilizokwisha kukubaliwa. Mauzo yametajwa, wadaiwa wametajwa, kazi yako ni kuandaa taarifa ya fedha. Ofisini hupewi tarakimu. Unapewa hati ya malipo na viambatisho vyake, nawe unatakiwa kujua kama malipo hayo yanastahili kufanyika: kama lipo ombi la idara na idhini ya mwenye mamlaka, kama hati ya kuagizia, hati ya kupokelea vifaa, ankara na risiti ya EFD, yaani mashine ya kielektroniki ya kodi, vinakubaliana, na kama kodi ya zuio, ile inayokatwa kwenye malipo kabla ya mtoa huduma kulipwa, imekatwa pale sheria inapotaka. Nakumbuka hati moja ya ununuzi wa shajala niliyoikagua katika wiki yangu ya pili, ambayo ilikuwa na sahihi zote, hivyo nikaiweka upande wa zilizokamilika. Mhasibu aliyekuwa akinisimamia aliifungua, akaniuliza ni vipi vifaa vilipokelewa ghalani siku mbili kabla ya kuagizwa. Sikuwa na jibu. Debiti na krediti, yaani pande mbili za kila ingizo la hesabu, nilizijua vizuri, lakini katika miaka miwili ya chuo sikuwahi kuambiwa niutilie shaka ushahidi wenyewe, ilhali katika ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali malipo yasiyo na nyaraka za kutosha ni hoja inayojirudia mwaka hadi mwaka. Ningekuwa na uwezo wa kuchagua jambo moja tu ambalo mwanafunzi aondoke nalo, lingekuwa hili la kusoma nyaraka kwa mfuatano wa tarehe zake kabla ya kutazama kiasi.

Dhana: Kupanga mafaili na kutoa nakala ni kupotezewa muda.

Ukweli: Inategemea unapanga nini na kwa macho gani. Anayepanga hati za malipo za mwezi mzima kwa namba zake ndiye wa kwanza kugundua kwamba hati fulani haipo, au kwamba masurufu (fedha anazotangulizwa mtumishi) ya safari ya mwezi Machi hayajarejeshwa hadi Julai. Hata hivyo sitawatetea wanaomweka mwanafunzi kwenye mashine ya kutoa nakala kwa wiki zote nane, kwa sababu huko ni kumdhulumu. Mwanafunzi aliyefikwa na hayo amweleze msimamizi wake wa ofisini kwa heshima ni kazi zipi angependa kujifunza, na asiposikilizwa amjulishe msimamizi wa chuo mapema, asisubiri siku ya kutembelewa.

Dhana: Fildi yenye maana ni ya kampuni kubwa ya ukaguzi au makao makuu ya benki.

Ukweli: Majina hayo yana uzito wake katika wasifu wa mwombaji kazi, sikatai. Lakini katika ofisi kubwa kazi imegawanywa vipande vidogo, na mwanafunzi anaweza kumaliza fildi yake akilinganisha sampuli za ankara za mteja mmoja tu. Vilevile kampuni nyingi binafsi hufunga hesabu tarehe 31 Desemba, hivyo msimu wao mkubwa wa ukaguzi huwa miezi ya mwanzo wa mwaka, wakati mwanafunzi yuko darasani. Serikali, kwa upande wake, hufunga mwaka wa fedha tarehe 30 Juni, na taasisi za umma hutakiwa kuwasilisha hesabu zao kwa ukaguzi ndani ya miezi mitatu. Anayeingia halmashauri mwezi Julai anakuta hesabu za mwisho zinaandaliwa mbele ya macho yake: madeni ya watoa huduma yanaorodheshwa, rejista ya mali za kudumu inahuishwa, usuluhishi wa benki wa mwezi Juni, yaani kulinganisha daftari la ofisi na taarifa ya benki, unafanywa, na hundi ambazo hazijawasilishwa benki zinatafutwa moja baada ya nyingine. Hata shule binafsi yenye mhasibu mmoja itakuonyesha safari nzima ya shilingi, kuanzia ada inapopokelewa hadi urari (orodha ya salio za akaunti zote) unapoandaliwa, na fursa ya namna hiyo ni adimu katika ofisi kubwa.

Dhana: Siku hizi mfumo hufanya kila kitu, mhasibu anaingiza tu.

Ukweli: Mfumo wa kompyuta, uwe MUSE, mfumo wa malipo wa serikalini, au Tally, programu ya uhasibu ya kampuni binafsi, utahakikisha kwamba debiti inalingana na krediti. Hautakuambia kwamba kompyuta mpya imeingizwa kwenye kifungu cha matengenezo. Urari utalingana kama kawaida, huku matumizi ya mwaka yakiwa yamezidishwa na mali zikiwa zimepunguzwa.

Dhana: Kufanya kazi ya uhasibu huku unasoma ni suala la kujituma tu.

Ukweli: Hapa nazungumzia wale wanaobaki na ajira baada ya fildi na kuhamia masomo ya jioni. Kujituma hakuondoi kalenda. Makato ya kodi ya mishahara huwasilishwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi kuisha, ritani ya kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ifikapo tarehe 20, na majaribio ya chuo hayapangwi kwa kuzitazama tarehe hizo. Nimeona vijana wenye bidii wakikosa majaribio kwa sababu ya kufunga hesabu za mwezi. Waliofanikiwa ni wale waliomwonyesha mkuu wao wa kazi ratiba ya chuo mwanzoni mwa muhula, wakachukua masomo machache kila walipoweza, na wakakubali kuchelewa kuhitimu.

Dhana: Shahada pamoja na fildi vinatosha kuitwa mhasibu kamili.

Ukweli: NBAA, bodi ya taifa ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972, ndiyo inayosajili wahasibu nchini Tanzania, na ili mtu atambuliwe kuwa CPA, yaani mhasibu aliyethibitishwa, hutakiwa kufaulu mitihani ya bodi na kuwa na uzoefu wa kazi wa miaka mitatu. ACCA, chama cha wahasibu cha Uingereza, nacho hudai uzoefu wa miezi 36. Wiki nane ni mwanzo tu wa safari hiyo.

Dhana: Mwanafunzi hana dhamana yoyote, akitumwa atekeleze.

Ukweli: Hili ndilo linalonisumbua kuliko yote. Usiri na uadilifu ni kanuni za taaluma ambazo hazisubiri usajili. Orodha ya mishahara uliyoiona haisimuliwi bwenini, hata ukiwa umeshtuka kuona asilimia 15 ya mshahara ikikatwa kurejesha mkopo wa elimu ya juu, mkopo ule ule uliokulipia fildi. Ukipewa nywila ya mtumishi aliye likizo ili uidhinishe malipo, usiipokee. Mfumo utaandika jina lake, na yeye ndiye atakayeitwa kujibu hoja ya ukaguzi kwa kitendo ulichokifanya wewe. Ukiombwa kuandika tarehe ya nyuma kwenye hati, sema kwamba hujaruhusiwa na chuo kujaza nyaraka za malipo bila msimamizi kuwepo, kisha andika katika daftari lako la siku hiyo kazi uliyoifanya na ile ambayo hukuifanya.