Mbuzi hazai kwa ratiba ya mkopo

Mbuzi hubeba mimba miezi mitano. Marejesho ya mikopo mingi midogo huanza wiki moja au mbili baada ya fedha kutoka. Katikati hapo ndipo mtaji wa watu maskini unapokwama, na ndipo ubunifu unapohitajika zaidi.

Tangu Benki ya Grameen ya Bangladesh ianzishwe rasmi mwaka 1983, mikopo isiyo na dhamana imewafikia mamilioni ya watu, wengi wao wanawake. Ni hatua kubwa, kwani aliyekuwa hana pa kukopa ila kwa wakopeshaji wa mtaani alipata mlango mwingine. Hata hivyo, tathmini sita zilizochapishwa mwaka 2015, kutoka Bosnia, Ethiopia, India, Meksiko, Mongolia na Moroko, zilionyesha kwamba kwa wastani kipato cha kaya hakikupanda kiasi cha kuitoa katika umaskini.

Anayedaiwa rejesho wiki ijayo hanunui mbuzi wala cherehani. Hununua bidhaa ya kuuza leo, ileile anayouza jirani yake, na wote wawili hugawana wateja walewale. Katika jaribio moja mjini Kolkata, India, wakopaji walipewa miezi miwili kabla ya rejesho la kwanza badala ya wiki mbili. Waliwekeza zaidi, na miaka mitatu baadaye faida zao zilikuwa kubwa kuliko za wenzao. Walioshindwa kulipa nao waliongezeka, kwa hiyo taasisi inayotaka kufuata njia hii itenge mapema akiba ya kufidia hasara hiyo.

Mkopaji naye akague riba inavyokokotolewa. Tuseme amekopa 1,000 kwa riba ya asilimia 20, na analipa 24 kila wiki kwa wiki 50. Jumla ni 1,200, na hesabu inaonekana nyepesi. Lakini kufikia wiki ya 25 ameshapunguza deni la msingi hadi 500, ilhali riba bado inahesabiwa juu ya 1,000 yote. Gharama halisi kwa mwaka ni takriban asilimia 38. Swali la kuuliza kabla ya kutia saini ni moja tu: riba hii ni ya mkopo wa mwanzo, au ya salio linalopungua?

Wakati mwingine watumiaji wenyewe ndio wanaoonyesha njia. M-Pesa ilijaribiwa kwanza kama njia ya kulipa marejesho ya mikopo midogo, lakini watu wakaitumia kutumiana pesa, na hivyo ndivyo ilivyozinduliwa Kenya mwaka 2007. Utafiti wa mwaka 2016 ulikadiria kuwa ilisaidia kaya 194,000, takriban asilimia 2 ya kaya za nchi hiyo, kutoka katika umaskini. Ugonjwa au mavuno mabaya yakiikumba familia, ndugu walio mbali hutuma msaada siku hiyohiyo, na mtaji wa biashara hauliwi. Huduma hii inaweza kukwama pale wakala anapoishiwa na fedha taslimu au salio la kwenye simu.

Kwa wale maskini zaidi, walio mbali kabisa chini ya dola 3 kwa siku, kipimo cha umaskini uliokithiri cha Benki ya Dunia tangu Juni 2025, mkopo si mahali pa kuanzia. Shirika la BRAC la Bangladesh lilianza mwaka 2002 kuwapa mali ya kuzalisha, mara nyingi mifugo, pamoja na posho ya chakula ili wasiiuze kwa njaa, mafunzo, sehemu ya kuweka akiba na mshauri anayewatembelea nyumbani mara kwa mara, yote kwa takriban miaka miwili. Mpango wa aina hiyo ulipojaribiwa katika nchi sita, kwenye kaya zaidi ya 10,000, kwa ujumla matumizi na akiba vilikuwa bado juu mwaka mmoja baada ya msaada kwisha. Kati ya nchi hizo, Honduras ndiko mali haikudumu: kaya nyingi zilichagua kuku, na wengi wa kuku hao wakafa kwa maradhi. Chanjo na mtaalamu wa mifugo viwekwe kwenye bajeti kabla ya siku ya kugawa, pamoja na mnyama wa kufidia atakayekufa katika miezi ya mwanzo.