Sumu ya nyoka kwenye chupa ya soda haina mnunuzi

Tangu video za "sumu ya nyoka ni dhahabu" zianze kusambaa, wananchi wanafika maabara na chupa wakiuliza bei. Bei haipo. Kaptoprili, dawa ya shinikizo la damu, ilitokana na utafiti wa sumu ya nyoka wa Brazil, Bothrops jararaca, lakini kidonge chenyewe hutengenezwa kiwandani na hakina hata tone la sumu.

Kinachotafutwa maabara ni tofauti kati ya nyoka na nyoka. Sumu ya moma imejaa vimeng'enya vinavyokata protini, vingine vikivuruga mgando wa damu. Koboko ana vimeng'enya vichache. Ukali wake uko kwenye protini ndogo zinazoshambulia neva. Kwa hiyo anayetafuta dawa ya mgando huanzia kwa jamii ya moma.

Ulinganisho hudai nidhamu. Sumu ikishakamuliwa huzungushwa kwenye sentrifuji kuondoa uchafu, hukaushwa kwa baridi, kisha huhifadhiwa nyuzi 20 chini ya sifuri au kwenye baridi zaidi, ikiandikwa spishi, umri na mahali nyoka alikokamatwa, maana moma wa sehemu mbili huweza kutofautiana. Pima protini kwanza, kisha weka mikrogramu sawa kwa kila spishi, nyuzi 37. Anayelinganisha kwa matone analinganisha maji.

Aina ya kimeng'enya hujulikana kwa kemikali inayokizima. EDTA, kemikali inayoshika madini, ikizima ukataji wa protini, kimeng'enya ni metaloproteasi, yaani kinachotegemea madini, kwa kuwa kimenyang'anywa zinki. Kemikali ya PMSF ikiuzima, ni serini proteasi, inayokata kwa kutumia asidi amino ya serini. Lakini EDTA hiyohiyo ikibaki kwenye kipimo cha fosfolipasi A2, kimeng'enya kinachokata mafuta ya utando wa seli, hushika kalsiamu ambayo kimeng'enya hicho hakifanyi kazi bila yake, usomaji unakuwa sifuri, na mtu anaandika kwamba spishi hiyo haina kimeng'enya hicho. Kosa hili halipaswi kuonekana tena kwenye ripoti.

Kuhusu vibali nchini Kenya: leseni ya utafiti ya NACOSTI (tume ya taifa ya sayansi), idhini ya KWS (shirika la wanyamapori), ridhaa ya mwenye rasilimali, kisha kibali cha NEMA (mamlaka ya mazingira). Leseni ya NACOSTI peke yake haitoshi kusafirisha sumu nje; lazima pawe na mkataba wa uhamishaji sampuli uliosainiwa kabla ya mzigo kuondoka. Kukiuka ni kosa la jinai, hata kama ni miligramu moja, hata kama mpokeaji ni mshirika wako wa miaka mingi.

Na aliyefungia koboko kwenye pipa akingoja mnunuzi, asimkamue wala asimguse. Aripoti ofisi ya KWS iliyo karibu, pipa likiwa limefunikwa.