Msitu wa jirani na dhana zinazopoteza watu

"Msitu wenyewe mdogo huu, nitapoteaje?" Hii ndiyo dhana inayozaa nyingine zote. Anayekwenda msitu wa mbali huaga, hubeba maji na kuchaji simu. Anayeingia huu wa karibu huvaa ndala na kusema anarudi sasa hivi. Lakini penye miti iliyosongamana huoni zaidi ya hatua chache. Ukitoka kijiani kidogo tu kwenda kujisaidia, ukigeuka hukioni tena. Hata kijia chenyewe hubadilika sura wakati wa kurudi, maana ulipokuja ulikiona kwa upande mmoja tu. Ndiyo maana wazoefu hugeuka nyuma kila wafikapo njia panda, wakaitazama vizuri.

"Nikinyoosha mbele nitatokea tu." Mwaka 2009 watafiti wa Taasisi ya Max Planck ya Tübingen, Ujerumani, walichapisha majaribio waliyofanya kwa kuwatembeza watu msituni na katika jangwa la Sahara, wakiwataka wasipinde. Jua lilipoonekana, watu walinyoosha. Lilipofunikwa na mawingu, wale wa msituni walizunguka na kukatiza njia yao wenyewe bila kujua. Waliofungwa vitambaa machoni walizunguka maduara ambayo mengine hayakufika hata mita 20 kwa kipenyo. Wanaodai kwamba chanzo ni mguu mmoja kuwa mrefu kuliko mwenzake nao hawakupata ushahidi hapo, kwani wengi wa watembeaji walipinda mara kulia, mara kushoto. Bila jua, mlima au mnara wa kuukazia macho, hisia ya "mbele ni huku" huteleza kidogo kidogo, na mwenyewe unajiona umenyooka.

"Utando wa kijani kwenye magome huelekea kaskazini." Huota penye unyevu na kivuli, upande wowote ule. Tuliache hilo.

"Fuata mto, utakufikisha kwa watu." Pengine. Pengine utakufikisha kwenye maporomoko au tope la kiunoni, na mngurumo wa maji utakuzuia kusikia wanaokuita.

"Simu ninayo." Sawa, lakini kuna mambo mawili yanayochanganywa. Simu hujua ilipo kwa kupokea mawimbi ya setilaiti, na hilo halihitaji bando wala mnara. Kinachohitaji mtandao ni ramani, kama hukuipakua kabla. Tena, mtandao unapokuwa hafifu simu huhangaika kutafuta mnara na chaji huisha upesi. Ujumbe wa kawaida mara nyingi hupenya mahali ambapo simu ya kuongea inakatika. Andika ulipoingilia, saa ngapi, unachokiona na rangi ya nguo zako, uutume, kisha uzime simu na kuiwasha kwa saa mlizokubaliana. Simu ya dharura nayo huweza kupita kwenye mnara wa kampuni nyingine iwapo wako haufiki hapo.

"Nitakufa njaa." Mtu mzima mwenye afya huvumilia wiki kadhaa bila chakula, ila bila maji ni siku chache tu. Baridi nayo hushambulia kwa saa, hata penye nyuzi joto 10, ukiwa umelowa na upepo unavuma. Kwa hiyo kabla giza halijaingia, acha kuhangaikia matunda usiyoyajua; kusanya majani makavu uyakalie, maana ardhi hufyonza joto la mwili.

"Bora niendelee kutembea kuliko kukaa bure." Piga hesabu. Ukienda kilomita 3 kwa saa, baada ya saa moja unaweza kuwa popote ndani ya kilomita za mraba 28 hivi. Baada ya saa mbili, zimekuwa 113. Umeongeza saa moja, eneo la kutafutwa limekuwa mara nne! Kama kuna mtu anayejua uliko, tulia penye uwazi kidogo, utundike kitu chenye rangi kali, upige filimbi mara tatu, unyamaze kusikiliza, kisha urudie. Kupiga kelele humaliza sauti mapema.

Hesabu hiyohiyo inawahusu walioko nyumbani wanaoona haya kupiga simu polisi wakidhani lazima saa 24 zipite. Piga simu saa ya kurudi ikipita naye hapatikani. Akitokea mwenyewe njiani, mtapiga tena kusema kapatikana.