Kiti cha Austin Huamuliwa Machi: Maelezo kwa Raia Wapya wa Texas

Mwisho wa kujiandikisha kwa uchaguzi wa Novemba 3, 2026 ni Jumatatu, Oktoba 5. Maswali yanayotufikia kwa Kiswahili kutoka Houston, Dallas, Fort Worth na Abilene yanaongezeka, na mengi yanamhusu rais. Mwaka huu rais hayumo kwenye karatasi ya kura. Miongoni mwa waliomo ni wabunge wote 150 wa Baraza la Wawakilishi la Texas, karibu nusu ya maseneta 31 wa jimbo, na gavana.

Taasisi yetu ina msimamo wa kihafidhina na hatuufichi: serikali ndogo, kodi ndogo, na mzazi awe wa kwanza katika elimu ya mtoto wake. Hata hivyo sheria ya kodi inayosimamia taasisi za aina yetu inatukataza kumpigia debe mgombea, kwa hiyo humu hakuna jina la mtu wa kumpa kura.

Kuna kosa moja linalojirudia mno. Bunge la Texas si kama bunge la kaunti kule Kenya, wala si baraza la madiwani. Katiba ya Marekani, katika marekebisho yake ya 10, inayaachia majimbo na wananchi mamlaka yote ambayo haikuikabidhi serikali ya Washington. Ndiyo maana sheria za shule, ndoa na ardhi, leseni ya kazi ya kinyozi au muuguzi, na adhabu za makosa mengi ya jinai huandikwa Austin, makao makuu ya jimbo, linakokaa Bunge la Texas. Na seneta wa jimbo siye seneta wa Marekani. Tumelieleza hili mara nyingi, na bado watu wanapiga simu Washington kulalamikia kodi ya nyumba, ambayo Washington haina mkono ndani yake.

Tuitazame kodi hiyo. Mwaka 2025 Bunge la Texas lilipitisha kwa theluthi mbili ya kila chumba, yaani Baraza la Wawakilishi na Seneti, mapendekezo ya kubadili katiba ya jimbo, na Novemba 4 mwaka huo wapigakura wakayakubali. Thamani ya nyumba unayoishi isiyotozwa kodi ya shule ilipanda kutoka dola 100,000 hadi 140,000. Mwenye miaka 65 na zaidi, au mwenye ulemavu, anaongezewa dola 60,000. Lakini msamaha huu haukufuati wenyewe. Mwenye nyumba hujaza fomu katika ofisi ya kaunti inayothamini mali, akiambatanisha nakala ya leseni au kitambulisho cha Texas chenye anwani ya nyumba hiyohiyo. Fomu ni bure. Barua inayokutaka ulipe ili ujaziwe haikutoka kwenye ofisi hiyo, usiilipe.

Sasa tuje kwenye mchujo, yaani kura ambayo kila chama hutumia kuteua mgombea wake wa Novemba. Huo ndio kiini cha maelezo haya. Texas haina daftari la wanachama wa vyama. Jumanne ya kwanza ya Machi, kila mwaka wenye namba shufwa, mpigakura yeyote aliyeandikishwa huchagua mwenyewe mchujo wa chama gani ataupigia kura. Mgombea asipopata zaidi ya nusu ya kura, wawili wa juu hurudiana mwezi Mei. Katika maeneo mengi chama kimoja kina nguvu kiasi kwamba Novemba huthibitisha tu kilichokwisha kuamuliwa Machi. Anayejitokeza Novemba peke yake hukuta jina tayari limechaguliwa na wengine.

Mfano ulio wazi ni mpango wa fedha za umma kwa wazazi wanaopeleka watoto shule binafsi. Novemba 2023 Baraza la Wawakilishi liliuondoa mpango huo kwenye muswada wa elimu kwa kura 84 dhidi ya 63, na Warepublican 21 walikuwa miongoni mwa walioukataa. Chama hichohicho ndicho kilikuwa na wingi wa viti, na bado muswada ulianguka. Katika michujo ya Machi na Mei 2024, gavana aliwaunga mkono wapinzani wa wabunge hao, na kadhaa wakapoteza viti. Mei 3, 2025 sheria ikatiwa saini, ikiwa na dola bilioni 1: takribani dola 10,000 kwa mwaka kwa mtoto wa shule binafsi, hadi dola 2,000 kwa anayesomeshwa nyumbani. Sisi tunaiunga mkono, na wapo wanaoipinga kwa hoja za maana, hasa vijijini ambako shule ya umma ndiyo shule pekee. Aliyeipenda na aliyeichukia, wote nafasi yao ya kuamua ilikuwa mchujo wa 2024. Mchujo ujao ni Machi 7, 2028. Na kwa wanaoogopa: kupiga kura katika mchujo wa chama fulani kunakuzuia tu kuvuka kwenda kwenye marudio ya chama kingine mwaka huohuo. Novemba uko huru kumchagua yeyote.

Kujiandikisha. Texas haina usajili mpya wa mtandaoni kwa ujumla. Njia ya kompyuta ipo kwa anayeshughulikia leseni yake ya udereva DPS, idara ya usalama wa umma ya Texas. Wengine wote hujaza fomu ya karatasi, huisaini kwa wino na kuituma au kuipeleka kwa msajili wa kaunti. Andika namba ya leseni au ya kitambulisho cha Texas. Kama huna, tarakimu 4 za mwisho za namba yako ya Social Security (hifadhi ya jamii). Usajili huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuwasilisha fomu. Ukihamia kaunti nyingine unajiandikisha upya. Ukihama ndani ya kaunti ileile unabadilisha anwani, na hilo linaweza kufanyika mtandaoni. Kadi ya mpigakura ikirudishwa na posta kwa sababu hukupatikana, jina lako huwekwa kwenye orodha ya walio na shaka ya makazi, na kituoni utajazishwa tamko la makazi kabla ya kupewa karatasi.

Kwa aliyekula kiapo cha uraia karibuni, tatizo kubwa ni kumbukumbu za zamani. Ulipochukua leseni ukiwa mkimbizi au mwenye grinkadi, DPS ilikuandika kuwa si raia, na hakuna anayeipelekea habari kwamba umeapa. Mwaka 2019 jimbo lilitangaza kuwa wapigakura wapatao 95,000 huenda si raia, likitegemea kumbukumbu hizohizo. Makumi ya maelfu yao walikuwa raia waliokula kiapo baada ya kuchukua leseni, na jimbo lililazimika kuiacha orodha ile kwa makubaliano ya kesi. Lilikuwa kosa, na lilipaswa kurekebishwa. Daftari safi ni jambo tunalolitetea, na halisafishwi kwa takwimu zilizopitwa na wakati. Mwaka 2025 ukaguzi mwingine, kwa kutumia mfumo wa serikali ya shirikisho, ulitoa majina 2,724 yaliyopelekwa kwenye kaunti ili yachunguzwe.

Kwa hiyo baada ya kiapo, peleka cheti cha uraia ofisi ya Social Security, kisha DPS. Na ukipokea barua ya msajili wa kaunti inayotaka uthibitisho wa uraia, una siku 30. Jibu kwa nakala ya cheti au pasipoti, ubaki na ushahidi kuwa umetuma. Barua hiyo haimaanishi umeshtakiwa, lakini ukinyamaza usajili wako unafutwa.

Asiye raia hapigi kura. Kulipa kodi hakumpi haki hiyo, wala kuishi hapa miaka 15, wala kuwa na mtoto jeshini. Tangu Septemba 2023 kupiga kura kinyume cha sheria huku ukijua ni kosa zito la jinai la daraja la pili Texas: kifungo cha miaka 2 hadi 20 na faini isiyozidi dola 10,000. Kutoa taarifa ya uongo kwenye fomu ya usajili ni hadi mwaka 1 jela na faini hadi dola 4,000. Sheria ya shirikisho nayo inaadhibu kwa hadi miaka 5 kudai uraia kwa uongo ili uandikishwe, na kura iliyopigwa kinyume cha sheria inatosha kumfanya mtu aondolewe nchini. Fomu N-400 ya kuomba uraia inauliza waziwazi kama uliwahi kujiandikisha au kupiga kura. Asiye raia aliyeweka alama ya ndiyo DPS kwenye swali la kujiandikisha kupiga kura, bila kulielewa, asipige kura hata mara moja. Aombe jina lifutwe kwa maandishi, na aonane na wakili wa uhamiaji kabla ya kutuma N-400. Kusikia kwa jirani kwamba "hawaangalii" si utetezi mahakamani.

Siku ya kura beba kitambulisho chenye picha: leseni au kitambulisho cha DPS, pasipoti ya Marekani, cheti cha uraia chenye picha, kitambulisho cha jeshi, leseni ya bastola ya Texas, au cheti cha uchaguzi ambacho DPS hutoa bure. Isipokuwa cheti cha uraia, ambacho hakina mwisho, kitambulisho kikiwa kimeisha muda kisizidi miaka 4. Mwenye miaka 70 na zaidi hana kikomo hicho. Majina yenu ya Kongo na Burundi huleta utata, kwani mara nyingi jina la tatu linakuwa la kwanza. Karani akiona jina la kitambulisho na la daftari yanafanana vya kutosha utasaini hati fupi ya kiapo na kuendelea. Usiondoke kwa hasira. Likishindikana kabisa, omba kura ya muda na usome tarehe ya mwisho ya kupeleka kitambulisho, imeandikwa kwenye karatasi utakayopewa.

Simu hairuhusiwi ndani ya futi 100 za mahali pa kupigia kura, kwa hiyo andika majina ya wagombea unaowataka kwenye karatasi. Asiyesoma Kiingereza anaruhusiwa kwenda na msaidizi amtakaye, isipokuwa mwajiri wake au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Msaidizi ataapa na kuandikisha jina lake, anwani na uhusiano wenu. Asikuchagulie. Kumbuka pia kwamba tangu 2020 hakuna tena alama moja ya kukipa chama kura zote. Mbunge wa jimbo yuko chini sana, baada ya viongozi na majaji wa jimbo zima, na Kaunti ya Harris, ulipo mji wa Houston, ina karatasi ndefu mno. Shuka nayo mpaka mwisho.

Bunge jipya litaanza Januari 12, 2027 na kufungwa Mei 31. Ni siku 140 tu kila miaka 2, kwa mshahara wa dola 600 kwa mwezi, na tunaona ufupi huo ni kinga ya raia dhidi ya sheria zisizohitajika. Kuwasilisha miswada huanza Novemba 9, 2026, na baada ya Machi 12, 2027 mlango wa miswada ya kawaida hufungwa. Mengi hufia kwenye kamati, na kamati ndiko raia wa kawaida husikika. Ukifika Austin unajiandikisha kwenye kompyuta za jengo la Bunge, unataja namba ya muswada na kama unaunga mkono, unapinga au unatoa maelezo tu. Kwa kawaida utapewa dakika 2 au 3. Asiyeweza kusafiri hutuma maoni ya maandishi kwa kamati ya Baraza la Wawakilishi kupitia tovuti yake, akiwa mkazi wa Texas, kabla kikao cha kamati hakijaahirishwa.